Mtoto Asiyesema: Tuanze na Masikio

Leo hatukuja kuzungumzia mikopo wala kuku. Sisi wa Tudor tumeombwa tuseme juu ya mtoto anayechelewa kusema, kwa kuwa jambo hili lilitufika wenyewe.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, hasemi hata neno. Tukamwambia nini? Ngoja, hata mjomba wake alichelewa. Mwengine akasema akatwe kimeo. Na wengine, twaona haya kulitaja, tulikuwa tukimwita yule mtoto bubu. Kumbe alicheka kwa sauti, akalia kwa sauti, koo lake zima kabisa! Shida ilikuwa masikio, na sisi kwa maneno yetu tulimpotezea mama miezi mingi.

Mtoto huanza kusikia angali tumboni, mimba ikiwa ya miezi kama sita. Akizaliwa, sauti ya mamake tayari aijua. Kwenye miezi sita au saba hubwabwaja ba-ba-ba, da-da-da, na akikaribia mwaka hutoa neno. Mtoto kiziwi naye hutoa sauti miezi ya kwanza, ndiyo sababu wazazi tunadanganyika, lakini ile ba-ba-ba huchelewa au haiji.

Sasa hapa tusikilizane vizuri. Kinachojifunza lugha ni ubongo. Masikio ni mlango tu, na macho nayo ni mlango. Mtoto anayeonyeshwa lugha ya ishara tangu uchanga hubwabwaja kwa vidole! Kule Nikaragua, shule za viziwi zilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto waliokutana pale waliunda lugha yao ya ishara, na wadogo waliokuja nyuma wakawapita wakubwa kwa ufasaha. Umri mdogo ndio uliowasaidia. Miaka ya mwanzo ikipita mtoto hana lugha yoyote, ya mdomo wala ya mikono, hasara ile hairudi yote.

Kwa hiyo msingoje. Simama nyuma ya mtoto, asikuone, umwite kwa sauti ya kawaida au utikise funguo. Asipogeuka, jaribu tena siku nyingine, kisha mpeleke hospitali akapimwe masikio. Hata akigeuka, kama umri wa kusema umepita, mpeleke vilevile. Sikio likitoka usaha, usitie mafuta ya moto. Ni la kutibiwa. Chanjo ya surua msiikose, na homa ya uti wa mgongo si ya kulala nayo nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kwamba katika watoto kumi waliopoteza kusikia, kama sita wangeweza kukingwa.

Na aliye kiziwi tayari? Apewe ishara mapema, nyumbani kwanza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya, basi msione haya kuulizia shule.

Mtoto wetu yule sasa ana ishara ya maji, ya samaki, ya mama. Sisi tunajifunza naye kila Jumamosi. Vidole vyetu vigumu, twakosea sana, naye hutucheka mpaka akaketi chini.