Gunia la Kalamu Zilizopasuka

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ya mikono ambayo huenda wengi wenu hamjaiona ikifanywa, nayo ni kazi ya kukereza kalamu za mbao. Lakini ye yote ambaye kazi imemharibikia mkononi, awe mshonaji, mpishi au mwalimu, atatuelewa.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Fundi huchukua kipande cha mti chenye urefu wa sentimita kama 12 na unene wa sentimita 2. Hukikata katikati, akatoboa kila nusu kwa keekee toka ncha hata ncha, kisha akatia ndani bomba dogo la shaba, la milimita 7, kwa gundi. Gundi ikikauka huvipachika vipande hivyo kwenye ufito wa chuma wa mashine. Mashine huvizungusha mara 2,000 na zaidi kwa dakika moja, naye fundi hushika patasi akaondoa mbao kidogo kidogo mpaka ziwe mviringo. Halafu hupiga msasa, hutia mng'aro, na mwisho hushindilia vile vyuma vya kalamu ndani ya bomba. Wakati huo, kwenye ncha, mbao iliyobaki juu ya shaba ni nyembamba kama ukucha.

Basi mnaona jinsi kitu kidogo hivi kilivyo na nafasi nyingi za kuharibika. Tena mara nyingi huharibika mwishoni, wakati fundi amekwisha kutoa jasho lake na ameanza kuhesabu fedha.

Sisi wahubiri hupenda kumtaja nabii Yeremia, katika sura ya 18, aliyeshuka nyumbani kwa mfinyanzi akaona chombo kimeharibika, naye mfinyanzi akafanya kingine kwa udongo ule ule. Ni faraja kubwa. Lakini mwambieni fundi wa mbao maneno hayo upesi upesi, atawatazama tu. Udongo hukandwa tena, bali maranda hayarudi kuwa mti. Na kama mti wenyewe ni mpingo, ambao huchukua miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kukatwa, hasara yake si ya asubuhi moja. Wazee nao walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hatuwapingi. Ila mhunzi akinunua koleo jipya bila kutazama lile la kwanza limevunjikia wapi, muuza koleo atamfahamu kwa jina.

Katika parishi moja tuliyoitumikia alikuwako kijana aliyenunua mashine ya kukereza kwa mkopo wa chama cha mama yake. Shule moja ilimwagiza kalamu 40 za kuwapa walimu na wageni siku ya sherehe, ikamtangulizia nusu ya malipo. Siku si nyingi mama akaja kwetu. "Mchungaji," akasema, "mtoto wangu halali. Ameficha gunia chini ya kitanda, nikiligusa anakuwa mkali." Mnajua mawazo ya mama yalikokwenda, maana nyakati zetu zina mambo mengi ya kufichwa ndani ya magunia.

Tulikwenda pamoja na mzee mmoja wa kanisa, fundi seremala aliyestaafu. Gunia lilikuwa na kalamu zilizopasuka, wala hapakuwa na kitu kingine ndani yake.

"Lilete hapa nje, mwanangu," mzee akasema.

"Ni aibu, mzee."

"Aibu hatutaihesabu. Tutahesabu kalamu."

Akazimwaga mkekani. Zilikuwa 23. Yule kijana alidhani mkono wake haukuumbwa kwa kazi hiyo, na kwamba amezila fedha za akina mama bure. Mzee hakumjibu neno juu ya hayo. Alivaa miwani yake, akaokota kipande kimoja, akakigeuza juani, akakiweka kushoto. Akaokota cha pili, akakiweka kulia. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, mpaka kukawa na mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilikuwa na vipande 14. Katika hivyo vyote mbao ilikuwa imeruka wakati wa kukereza, na pale iliporuka shaba ilikuwa inang'aa, safi kabisa, kama iliyotoka dukani. Gundi haikushika hapo. Mpingo una mafuta yake ndani, na shaba nyororo haipendi gundi. Ilimpasa kijana kulikwaruza bomba kwa msasa kwanza, kupangusa lile tundu kwa spiriti, kuzungusha bomba wakati wa kulitia ili gundi ienee kote, na kuacha usiku upite. Fungu la pili lilikuwa na vipande 5, vyenye nyufa nyembamba kama nywele. Hizo zililetwa na joto, kwa maana alikuwa akikandamiza msasa mkavu kwa haraka usiku, akikimbizana na tarehe. Vipande 4 vya mwisho vilipasuka wakati wa kushindilia vyuma. Ndani ya mabomba yake mlikuwa na gundi iliyokauka, ambayo kisu kidogo kingaliiondoa kwa dakika moja.

Mzee akasema, "Patasi yako haikuharibu hata moja. Hukukosea mara 23. Umekosea mara 3, kisha ukarudia."

Kijana akanyamaza. Sisi pia tulinyamaza, maana ni mara ngapi tumekaa na watu wanaobeba gunia la namna hiyo, wakalipima kwa uzito tu pasipo kulifungua! Tangu siku ile, mtu akituambia kwamba kila kitu chake kimeharibika, tunamwuliza kwanza ni vitu gani, na vilianza kuharibika siku gani.

Baada ya hapo mzee alimfundisha mambo ya kuokoa. Kipande kikiruka, zima mashine, ukitafute katika maranda; ukikipata, kirudishe mahali pake kwa gundi ya kukauka upesi, ungoje, kisha uendelee. Kikipotea, pengine waweza kukata mfuo pale pale na kuvika pete ya mti mwingine, mzeituni kwa mfano. Kalamu isiyookoka, kereza mbao yote mpaka shaba ionekane, kisha bomba lile lile ulitie katika mti mpya. Na ukiona hasira inapanda, toka nje ukanywe maji, kwa sababu mashine inayozunguka namna ile haimngojei mtu aliyekasirika aondoe vidole vyake.

Jambo moja lilileta ubishi. Ufa katika mpingo huweza kuzibwa kwa unga wa mpingo wenyewe na gundi, ukasuguliwa, na jicho lisiuone kamwe. Kijana akauliza kwa nini zile 5 za nyufa zisizibwe hivyo na kupelekwa shuleni. Mzee akasema mbao hunywea na kuvimba kwa hali ya hewa, na mwalimu anayehamia Mombasa kutoka Limuru aweza kuukuta ufa ule umefunguka. Sisi tuliongeza kwamba hata usipofunguka, aliyeagiza kalamu nzima amelipia kalamu nzima. Ya kuzibwa iuzwe kwa bei yake, mnunuzi akijua. Kijana hakupenda sana. Fedha zilikuwa fupi na tarehe ilikuwa karibu. Hata hivyo alizitoa katika hesabu.

Akaenda kwa mwalimu mkuu kabla ya siku ya sherehe, akamwambia kwamba 26 ziko tayari na 14 zitachelewa wiki mbili. Mwalimu mkuu hakufurahi, naye alikuwa na haki. Alizipokea zile 26, akapunguza malipo kidogo kwa zilizobaki. Mkopo wa chama ulichelewa kwa miezi 2, na akina mama walisema waliyoyasema.

Lile gunia sasa linaning'inia ukutani karibu na mashine. Kila kipande kinachoingia humo kimeandikwa kwa penseli tarehe na sababu. Na zile kalamu 14 zilizochelewa, ndani yake mna mabomba ya lile fungu la kwanza, yaliyokwaruzwa vizuri safari hii, nazo zimo mifukoni mwa walimu.