Mipaka ya Kura za Majaji huko Illinois
(Maneno tuliyosema mkutanoni)



Mlituuliza majuzi, jaji hupigiwaje kura? Hapa kwetu hapigiwi, basi neno hili lataka maelezo.

Katika jimbo la Illinois, Marekani, wilaya za korti ni 5. Kila wilaya huchagua majaji wake wa Korti ya Rufani, na wa Korti ya Juu pia. Sasa sikizeni. Mfanyakazi akiumia kazini, na kesi ya fidia yake ikifika Korti ya Rufani, husikizwa na majaji 5, mmoja kutoka kila wilaya. Kwa hivyo mstari wa ramani wamgusa hata aliyekatwa mkono na mashine.

Mistari ile haikuguswa tangu miaka ya 1960. Watu walihama wakajaa kandokando ya Chicago, hata Wilaya ya Pili ikapata zaidi ya milioni 3, na ya Tano milioni 1 na kitu. Kupima upya ilikuwa haki.

Lakini ilipimwa lini? Novemba 2020 Jaji Thomas Kilbride wa Wilaya ya Tatu, mtu wa chama cha Democratic, alikosa asilimia 60 za kumbakiza kitini. Mei 2021 chama hicho, chenye wingi Bungeni, kikapitisha ramani mpya. DuPage ikatolewa Wilaya ya Pili ikatiwa ya Tatu. Mwaka 2022 kikashinda viti vya wilaya zote mbili.

Mwaka huo huo wapiga kura waliandika katika Katiba haki ya wafanyakazi kupatana na waajiri kwa umoja. Tulifurahi sana. Lakini ramani hatuisifu: upande wa pili ukishika kalamu kesho, tutalalamika kwa mdomo gani?