Kobe, Paka na Watoto Wetu

(Mazungumzo na wazazi katika ukumbi wa parokia, baada ya Misa ya pili)

Akina baba na akina mama, sitawachosha, najua wengine mmeacha sufuria jikoni.

Katika Jumuiya zetu tumekuwa tukiulizana, hizi kompyuta za ukumbi zitafundisha nini? Wengi mmesema kupiga chapa. Sawa. Lakini naomba Jumamosi iwe siku ya kuandika programu, yaani mtoto kuipangia kompyuta maagizo, hatua moja baada ya nyingine, mpaka ifanye anachotaka yeye.

Vyombo vya kuanzia vipo tangu zamani. Mwaka 1967, huko Marekani, Seymour Papert, Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na wenzao walitengeneza lugha ya kompyuta inayoitwa Logo. Papert mwenyewe alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, kwa hivyo si mgeni kwetu kabisa. Katika Logo kuna kobe kwenye kioo. Mtoto anamwambia: nenda mbele hatua 100, geuka kulia digrii 90, rudia mara 4. Kobe anatembea akiacha mstari nyuma yake, na mraba huo umetokea.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Mwambie mtoto achore pembetatu yenye pande sawa. Shuleni ameambiwa kila pembe ni digrii 60, basi anaandika: mbele 100, geuka 60, mara 3. Wapi! Kinatokea kitu kilicho wazi, kama karai. Kwa nini? Kwa sababu kobe anageuka kwa nje, wala si kwa ndani ya pembe. Mwache mtoto asimame, atembee sakafuni kama yeye ndiye kobe. Atagundua kwa miguu yake kwamba anatakiwa kugeuka 120. Anarekebisha tarakimu moja, anajaribu tena, pembetatu inafunga. Hakuna aliyemchapa, na kompyuta haikumcheka.

Hilo ndilo linalonifanya nisimame mbele yenu. Katika kutembelea nyumba, nakuta watoto walioacha shule, na si karo peke yake iliyowatoa. Wengine wamechoka kuambiwa hawajui kitu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mahali ambapo kukosea ni sehemu ya kazi, kama fundi wa nguo anavyofumua mshono na kushona upya.

Siku hizi chombo kinachotumika sana ni Scratch, kilichotolewa mwaka 2007 na Mitchel Resnick na wenzake wa chuo cha MIT. Hapa kobe ameondoka, amekuja paka. Maagizo yameandikwa kwenye vipande vya rangi, na mtoto anavivuta na kuvipachika kimoja chini ya kingine. Kosa la kuandika neno vibaya halipo, linabaki kosa la kufikiri tu, na hilo ndilo tunalotaka alitafute. Kimekusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Wadogo wa miaka 5 hadi 7 wana ScratchJr, ya mwaka 2014. Wakikua wataingia Python, na huko pia watamkuta yule kobe!

Scratch ni ya bure. Inaweza kuwekwa ndani ya kompyuta ikafanya kazi bila intaneti, na unaweza kuchagua Kiswahili. Kwa hivyo akija mtu kuwauzia programu ya kuanzia kwa maelfu ya shilingi, mwulizeni vizuri anauza nini. Serikali nayo, kupitia KICD, iliidhinisha silabasi ya somo hili mwaka 2022. Silabasi ni karatasi, jamani. Mtoto anahitaji mashine mbele yake.

Na mashine zetu ni chache. Vijana wetu wa kiume wakifika wa kwanza hukamata kipanya, wasichana wanabaki kuchungulia mabegani. Hapa tutaweka watoto wawili kwa kila kompyuta: mmoja anashika kipanya, mwenzake anasema la kufanya, na baada ya dakika 10 wanabadilishana. Mzazi anakaribishwa kukaa nao, ila akiona mtoto amekosea asimnyang'anye kipanya. Amwulize tu, "Kobe ameenda wapi?"

Daftari la majina liko pale mlangoni kwa mlezi wa vijana. Tutaanza na walioacha shule.