KIKOMBE CHA GHALANI NA MAFUA YA MSIMU WA KAHAWA



Maneno haya tuliyasema Jumamosi mbele ya ghala. Waliokuwa shambani wanachuma wameomba yaandikwe, nasi wa Kamati ya Afya tumeyaandika kama yalivyosemwa.

Msimu wa 2024 mizani yetu ilisimama siku tatu. Haikuharibika. Karani alikuwa kitandani, wapakizi wawili walikuwa kitandani, na aliyebaki alikuwa anapenga kamasi huku anaandika. Watu walibeba magunia hadi hapa wakarudi nayo. Wiki hiyo hiyo mtoto wa mmoja wetu alibebwa usiku kwenda zahanati, kifua kimembana. Alipona, tunashukuru. Lakini mtoto wa miezi minne hakuja ghalani. Mafua aliletewa nyumbani, na walioyatoa huku kuyapeleka huko ni sisi wakubwa.

Tumezoea kusema ni baridi ya Juni na Julai. Siyo. Baridi peke yake haizai mafua. Yanaletwa na virusi, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyotoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa mate, kamasi, kikohozi na mikono. Baridi inatufungia ndani tu. Madirisha yamezibwa, tumebanana jikoni kuzunguka moto, mmoja akikohoa wote tunavuta pumzi yake, na moshi nao unaumiza vifua vya watoto.

Sasa tuje kwenye kikombe. Pale mlangoni kuna ndoo ya maji na kikombe kimoja cha bati. Kila anayetua gunia anachota, anakunywa, anakirudisha. Vidole vinazama humo humo ndooni. Sisi wa Kamati tumo, tena tumekinywea miaka mingi. Halafu kuna kalamu moja ya kutia sahihi na pedi moja ya wino wa dole gumba. Na karani wetu, atusamehe, kila akifungua stakabadhi analamba kidole! Virusi vya homa ya mafua vinaweza kukaa hai juu ya chuma au plastiki hata siku moja au mbili. Ukishika halafu ukajifuta pua au macho, umejipaka mwenyewe.

Wengine wanasema, "Mimi siumwi bado." Ndugu zetu, mwenye homa ya mafua huweza kuambukiza tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea siku tano hadi saba. Watoto huendelea zaidi.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walikaa kwa vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na mwaka 2020, wakati wa korona, sisi wenyewe tuliweka ndoo na sabuni kila mlango. Ndoo zile ziko wapi? Moja tumeiona ina mbegu za maharage.

Basi tumekubaliana hivi. Kikombe cha bati kimeondolewa, kila mmoja aje na chake. Ndoo mpya ina koki, hakuna kuchovya mkono. Nje tumefunga kibuyu chirizi: dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyagia, sabuni inaning'inia pembeni. Sugua viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha, ukihesabu taratibu hadi 20. Karani amepewa sifongo yenye maji ya kulowesha kidole.

Kwenye sherehe na misiba tuache lile bakuli moja la kunawia, ambalo wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Kijana asimame na jagi, amimine. Kuhusu kupeana mikono tulibishana sana, maana mzee hanyimwi mkono. Tulichokubaliana ni kwamba mwenye mafua aseme mwenyewe, "Shikamoo, nina mafua," aweke mkono kifuani. Hakuna atakayeona ni dharau. Kukohoa na kupiga chafya ni kwenye kiwiko au kitambaa. Na akina mama, pindo la kanga lililomfuta kamasi huyu lisimfute yule.

Dawa nayo tuiseme. Vile vidonge vya rangi mbili vya dukani haviui virusi vya mafua, ni hela inapotea. Mgonjwa apumzike, anywe maji, ale. Mtoto anyonyeshwe mara kwa mara. Chai ya tangawizi inatuliza koo, haiponyi.

Ila mtoto mwenye kikohozi tumhesabie pumzi ametulia, dakika moja nzima. Wa chini ya miezi miwili akifikia 60, wa miezi miwili hadi mwaka 50, wa mwaka mmoja hadi mitano 40, au kifua chini ya mbavu kikibonyea ndani akivuta pumzi, au akikataa kunyonya, ni zahanati saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Tusingoje apimiwe kahawa kwanza.

Sabuni ya akiba iko kwa karani. Zamu ya kujaza dumu wiki hii ni ya watu wa ng'ambo ya mto.

Kamati ya Afya