Usiuze Nyumba kwa Kukimbizwa na Januari

(Mazungumzo na wanavikundi katika mkutano wa kufunga mwaka)

Leo hatukuja kuzungumza juu ya kuku wala mizinga ya nyuki. Tumekuja kuzungumza juu ya nyumba, kwa sababu Januari iko karibu. Kila Januari tunaona jambo lile lile: watoto wanarudi shule, karo inatakiwa, na kibao cha "Inauzwa" kinaangikwa kwenye geti.

Basi swali letu ni moja: ni wakati gani mtu auze nyumba yake?

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita, mama mmoja mjane, mwanakikundi, alikuja ofisini kwetu wiki ya kwanza ya Januari. Alikuwa na nyumba ya mawe ya vyumba vinne, kwenye ploti ya hamsini kwa mia karibu na soko. Marehemu mumewe aliijenga pole pole, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta. Hati ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa jina la mama. Alikuwa anadaiwa karo ya watoto wawili na deni la hospitali, jumla shilingi 160,000. Mnunuzi alikuwa amepatikana, wa kulipa 1,200,000 bila kuchelewa. Mama alituomba tuwe mashahidi. Tulitazama karatasi, tukaona ziko sawa, tukatia sahihi. Hatukumwuliza swali lililo kubwa kuliko yote: "Mama, ukishauza, utalala wapi?"

Alilipa karo na deni. Kijana wake mkubwa akanunuliwa pikipiki. Jamaa wakaja na shida zao, maana habari ya pesa haifichiki. Mwaka uliofuata alikuwa amepanga chumba kimoja katika soko lile lile, na kila asubuhi akienda kuuza mboga alipita mbele ya geti lake la zamani. Jirani mwenye nyumba kama ile aliuza Oktoba ya mwaka ule ule kwa 1,700,000. Mama hakuibiwa na mtu. Alikimbizwa na Januari tu.

Nyumba ni kama gunia la mahindi

Jambo hili mnalijua tayari, ila hamjalifikiria kwa nyumba. Wakati wa mavuno kila mtu anauza mahindi, na bei inaanguka. Miezi michache baadaye ghala ni tupu, na yule yule aliyeuza kwa bei ya chini ananunua kwa bei ya juu. Nyumba nazo ni hivyo. Januari wauzaji ni wengi na wenye pesa ni wachache. Mnunuzi anajua una shida. Anakaa kimya, anangoja ushuke.

Wakati mwingine mambo hugeuka. Kwenye majani chai, malipo ya bonasi mara nyingi huja karibu na Oktoba. Desemba jamaa wanaofanya kazi mijini na ng'ambo wanarudi nyumbani, na wengine wanatafuta mahali. Mwaka wa uchaguzi, kama 2017 na 2022, wengi hufunga mifuko yao mpaka kura zihesabiwe. Kila soko lina majira yake. Kikundi kijue majira ya soko lake.

Uvumi si bei

Kuna kosa la upande wa pili pia: kungoja milele kwa sababu ya uvumi. "Ati lami inakuja." "Ati chuo kikuu kitajengwa hapa." Ni kweli barabara huongeza bei. Barabara kuu ya Thika ilipomalizika mwaka wa 2012, ploti za Ruiru na Juja zilipanda sana, na waliouza mapema waliuma vidole. Lakini kumbukeni Konza. Mji ule mpya ulizinduliwa Januari 2013, wengi wakakimbilia kununua jirani yake, na miaka zaidi ya kumi baadaye ujenzi ulikuwa bado unaendelea. Kwa hiyo ukisikia uvumi, uliza: je, mashine ziko barabarani, au ni maneno ya baraza tu?

Bei ya kweli haitoki kwa dalali, kwa kuwa dalali anakula kwa haraka yako. Tafuta watu watatu waliouza au kununua karibu nawe katika mwaka huu. Waulize bei iliyolipwa, si bei iliyotajwa mwanzo. Kisha angalia vile vibao vya "Inauzwa". Kama vimekaa mpaka rangi imepauka, soko limelala. Kama vinaondolewa kwa mwezi mmoja au miwili, soko liko macho.

Maswali manne kabla ya kuuza

La kwanza: nikiuza, nitalala wapi? Kama huna jibu, wakati haujafika, hata bei iwe nzuri namna gani.

La pili: shida yangu ni kubwa kama nyumba? Yule mama alihitaji 160,000, akauza mali ya zaidi ya milioni. Vyumba viwili vya nyumba ile angeweza kuvipangisha kwa shilingi 3,000 kila kimoja. Hiyo ni 72,000 kwa mwaka. Mwalimu mkuu angeombwa karo ilipwe kwa awamu. Kikundi au sako ingetoa mkopo kwa salio. Ingekuwa vigumu, hatukatai, lakini nyumba ingebaki.

La tatu: nani mwingine ana haki hapa? Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inasema nyumba ya familia haiuzwi bila mume na mke wote wawili kukubali. Baba asiuze huku mama akiwa shambani. Na kama hati bado ina jina la babu aliyefariki, hakuna wa kuuza mpaka urithi upitie kortini, na kazi hiyo ni ya miezi mingi. Anzeni leo, kabla shida haijabisha hodi.

La nne: karatasi ziko tayari? Shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe katika miezi sita tangu mapatano yafanywe. Bila kibali mapatano hayo ni bure. Kuna pia kodi ya faida ya kuuza mali, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya ile faida, si ya bei yote. Nyumba uliyokaa mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza husamehewa kodi hiyo, lakini uwe na ushahidi. Na tafadhali, hati yako usimpe mnunuzi mkononi kabla pesa hazijaingia. Mpitie kwa wakili. Ada yake ni ndogo kuliko majuto.

Kuuza si dhambi

Tusieleweke vibaya. Hatusemi nyumba isiuzwe kamwe. Wazee wawili wa kikundi kingine walikuwa na nyumba kubwa kando ya barabara. Watoto walikuwa wameondoka, ngazi zilikuwa zinawashinda, paa linavuja. Waliitana wote mezani, wakakubaliana. Kwanza walijenga nyumba ndogo shambani kwao. Januari alikuja mtu na bei ya chini, wakamwambia, "Karibu chai, lakini bei hiyo hapana." Waliuza Novemba kwa bei waliyoitaka. Hawakuwa wajanja kuliko yule mama. Walikuwa na mahali pa kulala, kwa hiyo waliweza kungoja.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Wakati wa kuuza ni ule ambao unaweza kusema hapana, na bado ukalala vizuri. Nguvu ya kusema hapana haipatikani Januari. Inawekwa kuanzia Machi, shilingi kwa shilingi, kwenye kikundi. Ndiyo sababu tunawaomba kila kikundi kifungue mfuko wa karo, uwe mbali na ule wa mikopo ya biashara.

Yule mama bado ni mwanakikundi. Ndiye aliyetuambia tuyaseme haya mbele yenu. Alisema, "Semeni, labda mwingine atapona."

Ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika soko letu, ni miezi gani watu wana pesa, na ni miezi gani hawana?
2. Nani kati yetu ana hati yenye jina la marehemu? Tumsaidie vipi kuanza urithi?
3. Mwanakikundi akitaka kuuza nyumba kwa shida, nani ataenda kukaa naye kwanza, kabla ya dalali?