Chombo Kiende na Maelezo Yake



Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kuletwa Kigoma katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mafundi watatu wa kiwanda chake walifuatana nayo.

Programu ya kompyuta haifuatani na fundi wake. Wakala wa akili unde anayetumwa kuitumia hutegemea maelezo yaliyoandikwa. Yasipobainisha kama 3/4 ni Machi au Aprili, atakisia. Na atakayeumia ni mzee anayengojea pensheni.

Basi kila chombo kielezwe bayana: kazi yake, mahitaji yake, majibu yake, mipaka yake, na la kufanya kikikwama. Kuandika maelezo hayo ni wajibu wa fundi, si hisani.