Kuhara kwa Sungura wa Kufugwa

Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya maradhi ya tumbo ya sungura, yaliyowekwa hapa kwa faida ya wafugaji wa mijini na wa mashambani.



Sungura wa hadithi humshinda fisi, na hata simba, kwa werevu wake. Sungura wa kizimbani hana werevu huo. Humtegemea mwenyewe kwa kila jani analolitia kinywani, na tena maumbile yamemnyima jambo ambalo mbwa na paka wanalo: hawezi kutapika. Akila kitu kibaya hapana njia ya kukirudisha. Sharti kipite tumboni mpaka mwisho. Kwa hiyo maradhi yake mengi huanzia tumboni, na mtoto wa sungura aliyekuwa akirukaruka jioni huweza kukutwa asubuhi amekufa, mkia umelowa.

Vyama vya vijana vya 4-K vilianza Kenya mwaka 1962, na sungura wamekuwa miongoni mwa wanyama wanaofugwa na wanachama wake, maana hawahitaji malisho mapana wala fedha nyingi. Mtoto akipoteza uzao mzima wa kwanza kwa kuhara, mara nyingi hataki kufuga tena, na si ajabu.

Kwanza hapana budi kujua kwamba si kila choo laini ni ugonjwa. Sungura ana choo cha namna mbili. Cha kwanza ni vile vidonge vikavu vya mviringo ambavyo kila mtu avijua. Cha pili hutoka zaidi usiku au alfajiri, nacho ni vitonge vidogo laini, vyeusi, vyenye kung'aa, vilivyoshikamana kama kichala cha zabibu. Hivyo sungura huvila, akiinamisha kichwa na kuvichukua papo hapo vinapotoka. Watu wengi wakiona hayo huchukizwa, na wengine humpiga mnyama. Hiyo si tabia mbaya, wala si njaa. Mwanzoni mwa utumbo mpana wa sungura upo mfuko mkubwa, na humo vijidudu vyema huyachachusha majani yaliyotafunwa, kama togwa ichachukavyo mtungini. Protini na vitamini zilizotengenezwa humo hutoka katika vitonge hivyo, na sungura akivila ndipo apatapo faida yake. Ng'ombe hucheua, sungura naye hufanya hivi.

Basi mfugaji akiona vitonge laini vimekanyagwa sakafuni au vimegandamana manyoyani, ilhali vidonge vikavu vimo kizimbani na mnyama anakula vyema, huyo hahari. Ameacha kula choo chake cha usiku. Mara nyingi ni kwa kuwa ameshibishwa mahindi, mkate, ndizi mbivu au chakula cha dukani. Au amenenepa hata hawezi kujipinda. Na apunguziwe vyakula hivyo, ajaziwe nyasi kavu.

Kuhara kwenyewe ni jambo jingine kabisa. Hapo vidonge havionekani. Choo ni maji, au ni ute kama mlenda. Miguu ya nyuma imelowa, na sungura amejikunyata pembeni akisaga meno kwa maumivu. Wapatwao zaidi ni watoto wa wiki 4 hadi 10, wakati wanapoacha ziwa na tumbo lao halijazoea majani. Hao huweza kufa kwa siku moja au mbili, kwa hiyo kungoja hadi kesho ni hatari.

Sababu moja kubwa ni kubadilishiwa chakula ghafula. Sungura aliyezoea nyasi, akipewa leo kabeji tele au mahindi kwa kuwa yamepatikana, vijidudu vibaya vya tumboni huzidi vile vyema na kutoa sumu. Chakula kipya kiongezwe kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 10. Majani yaliyolundikwa mabichi hata yakapata moto pia hayafai. Wakati wa mvua ni heri kuyatandaza chini ya paa yanyauke.

Sababu ya pili ni vijidudu viitwavyo koksidia. Mama huweza kuwa navyo bila kuonyesha dalili yoyote, akavitoa katika choo chake, na watoto wakavila pamoja na majani yaliyochafuliwa. Lakini vijidudu hivyo vikiisha kutoka nje huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Hapo ndipo mfugaji apatapo nafasi yake. Akiondoa kinyesi kila siku, huvitoa kabla havijakomaa. Sakafu na iwe ya fito au ya wavu ili kinyesi kianguke chini, na majani yawekwe kihorini, si sakafuni. Dawa nyingi za kawaida za kusafishia haziviui. Maji yanayochemka na jua kali hufaa zaidi. Aina moja hushika ini, na sungura akipasuliwa baada ya kufa huonekana madoa meupe juu yake.

Sasa kuna kosa linaloua sungura wengi, nalo hufanywa kwa huruma. Mtu akiona mnyama anahara, hufungua kidonge cha binadamu cha ampisilini au amoksilini, akakichanganya na maji, akamnywesha. Dawa hizo zikipitia kinywani mwa sungura huua vijidudu vyema vya tumboni, vile vya sumu vikapata nafasi, na mnyama aliyekuwa na tumaini la kupona hufa baada ya siku chache. Dawa za koksidia zipo, lakini kipimo chake ni kazi ya Daktari wa Mifugo.

Mpaka atakapofika, mgonjwa atengwe na wenzake na kuwekwa mahali pakavu penye joto. Aondolewe nafaka, kabeji na matunda, awekewe nyasi kavu nzuri, kama zile za Rhodes, na maji safi yasiyokoma, kwa maana kuhara humkausha upesi. Nyuma yake pasafishwe na kukaushwa mara kwa mara, kwa sababu nzi hutaga penye uchafu, na funza huweza kuonekana kwa siku moja tu na kuanza kumla angali hai. Na iwapo ni lazima kumpeleka mgonjwa kwa Daktari, apelekwe pamoja na choo kidogo cha siku hiyo ndani ya kopo lenye kifuniko, ili kipimwe kwa darubini.